Mchezo wa video unaongea Kiswahili, lakini Mpala nani ataucheza?

Kijana mmoja amefiwa na baba yake. Anaitwa Zau, na ni mganga. Uchungu unamshinda, anamwita Kalunga, mwenye ufalme wa kifo, anamwomba amrudishie baba. Kalunga anakubali kwa sharti moja: Zau amletee roho tatu kubwa ambazo zimekataa kuingia katika ufalme wake. Ukisikia hivyo utafikiri ni hadithi ya mababu. Kumbe ni mchezo wa video. Unaitwa Tales of Kenzera: Zau, ulitoka tarehe 23 mwezi wa nne 2024, na mtu anayeucheza anaweza kuchagua kusikia wahusika wakiongea Kiswahili.

Kwa sisi wa mashariki ya Kongo hiyo ni habari kubwa. Vijana wa Kalemie, Moba, Uvira ao Bukavu wamezoea michezo ya mpira na ya vita inayoongea Kiingereza ao Kifaransa. Mashujaa wanaowajua wametoka Marekani na Japani. Hapa kuna mchezo wa rangi nyingi, wenye sura za katuni, ambamo shujaa anavaa kinyago cha jua na kinyago cha mwezi, na imani zake ni za watu wa Kibantu. Hata jina la Kalunga siyo geni kwetu. Kwa Waluba na mataifa mengi kutoka huku mpaka bahari ya Atlantiki, neno hilo linahusu ulimwengu wa wafu.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji mzaliwa wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na baba yake, na anasema mchezo umetoka katika msiba huo. Basi swali letu ni hili: mchezo wenye lugha yetu na mizimu yetu, mtoto wa Mpala ataukuta wapi?

Milango mitatu imefungwa

Mlango wa kwanza ni mashine. Mchezo wenyewe uliuzwa dola 20 hivi, lakini unahitaji kompyuta yenye nguvu, ao mashine kama PlayStation 5, ambayo ilipoanza kuuzwa mwaka 2020 ilikuwa karibu dola 500. Mvuvi wa Mpala akipata dola 500 atanunua kwanza nyavu na mota ya mtumbwi, na hakuna wa kumlaumu.

Mlango wa pili ni umeme. Mji wa Kalemie unategemea umeme wa Bendera, unaotoka kwenye mto Kyimbi, na hata mjini wanajua maana ya kukaa gizani. Ukishuka kusini kando ya ziwa mpaka Mpala, watu wanategemea sola. Sola ya nyumbani inawasha taa na kuchaji simu. Mashine kubwa ya mchezo ni shida nyingine.

Mlango wa tatu ni intaneti. Siku hizi michezo mikubwa inashushwa kutoka mtandaoni, na ni mizito. Kwa megabaiti tunazonunua kidogo kidogo, kijana anaweza kumaliza pesa ya mwezi mzima na mchezo haujafika hata nusu.

Milango hiyo inawaumiza pia wale wanaotengeneza. Mwezi wa saba 2024, miezi mitatu tu kisha mchezo kutoka, studio ya Salim, Surgent Studios, ilipunguza wafanyakazi. Mwezi wa kumi timu ya michezo ikaambiwa kazi inaweza kusimama. Soko la michezo ya video ni gumu duniani kote siku hizi, kwa hiyo tusiseme sababu ni moja. Lakini jambo moja liko wazi: watu wengi zaidi wanaoongea Kiswahili wako katika nchi ambako mashine hizo ni za watu wachache. Mtu akiuliza kama mchezo wa Kiswahili una wanunuzi, jibu linatoka Ulaya na Marekani, siyo kwetu.

Yaoundé walipitia huko

Hiyo siyo mara ya kwanza. Mwaka 2016 vijana wa studio Kiro'o Games, mjini Yaoundé, Kamerun, walitoa mchezo wa vita na safari unaoitwa Aurion, wenye picha za katuni zilizochorwa kwa mkono. Unahusu mwana wa mfalme na mke wake waliofukuzwa katika ufalme wao, na nguvu wanayopigana nayo inatoka katika urithi wa mababu. Waliutengeneza huku umeme ukikatika-katika, na sehemu ya pesa walichangiwa na watu wa mtandaoni. Ulichezwa kwenye kompyuta, na wanunuzi wengi walikuwa mbali na Kamerun. Baadaye studio hiyo ikageukia michezo ya simu.

Hapo ndipo kuna somo kwetu. Mpala simu iko. Vijana wanapeana michezo midogo kutoka simu moja hadi nyingine kwa Xender, bila megabaiti hata moja. Mchezo mdogo wa Kiswahili unaokaa kwenye simu ya bei ndogo unaweza kufika Mpala, Moba na Kabalo kwa wiki chache. Programu za kutengeneza michezo kama Scratch na Godot ni za bure, na zinaweza kutumika hata pasipo intaneti zikishawekwa kwenye kompyuta.

Mpala iko na hadithi yake

Tukisema hadithi, Mpala haihitaji kuazima. Mwezi wa tano 1883, afisa Mbeligiji Émile Storms, ambaye watu walimwita Bwana Boma, alijenga kituo hapa karibu na mto Lufuko. Mwezi wa kumi na mbili 1884 watu wake walimshambulia mtawala Lusinga, wakamkata kichwa. Storms alichukua fuvu lake mpaka Ubelgiji. Sanamu ya Lusinga ilifika kwenye makumbusho ya Tervuren, na fuvu liko Brussels, katika taasisi ya sayansi ya viumbe. Mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji liliamsha tena habari hiyo, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja mmoja wa Ixelles, Brussels.

Lusinga hakuwa malaika. Alijulikana pia kwa biashara ya watumwa, na kuna familia ambazo hazikumlilia. Lakini mtu aliyekatwa kichwa hapa kwetu, kichwa kikawekwa katika makumbusho ya ugenini, hilo ni jambo ambalo mtoto wa Mpala anapaswa kulijua mbele ya kulijua mtoto wa Brussels. Sheria ambayo Ubelgiji ilipitisha tarehe 3 mwezi wa saba 2022 juu ya kurudisha mali za wakati wa ukoloni inahusu vitu. Mabaki ya watu haiyagusi.

Na wengine wamekwisha kuona kwamba mambo ya namna hiyo yanaweza kuingia katika mchezo. Mwaka 2025, studio Nyamakop ya Afrika Kusini ilitangaza mchezo unaoitwa Relooted, ambamo kundi la Waafrika linaingia kwenye makumbusho ya nchi za Magharibi na kurudisha vitu 70 ambavyo ni vya kweli. Ukiwaza vizuri, Zau anayemtafuta baba yake kwa mfalme wa kifo, na ukoo unaongoja kichwa cha mzee wao kirudi ili kizikwe, maumivu yao yanafanana.

Wazazi wana haki, lakini

Wazazi wengi wanaona michezo ya video inaiba masomo, na kwa mtoto anayeshinda kwenye sali ya mchezo mpaka usiku, wana haki. Lakini kukataza tu hakutoshi. Mtoto atacheza, nyumbani ao kwa jirani. Tujiulize pia anacheza nini, na ndani yake anajifunza yeye ni nani.

Hakuna anayetegemea kwamba kesho Mpala itakuwa na studio. Kuna kazi ambayo haingoji dola 500. Wazee waliosikia habari za Lusinga, za mizimu ya ziwa na za koo zao kutoka kwa babu zao wanapungua kila mwaka. Simu ya kijana inaweza kurekodi sauti ya mzee leo hii, kwa Kiswahili ao kwa Kitabwa, kwa ruhusa yake. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo, na redio ya jamii inaweza kuzitunza na kuzipitisha hewani. Siku kijana wa Tanganyika atakapokaa mbele ya kompyuta kutengeneza mchezo wake, akute sauti hizo ziko, asilazimike kwenda kutafuta hadithi ya Mpala katika vitabu vya Brussels.