Fundi Cherehani Ng'ambo ya Ruvuma

Aendaye kuishi Ulaya husindikizwa na ukoo mzima hadi uwanja wa ndege, na arudipo huulizwa maswali mpaka koo limkauke. Lakini mwananchi wa Newala au Tandahimba ahamiaye ng'ambo ya mto Ruvuma haulizwi neno, kana kwamba amehamia kijiji cha pili. Hata hivyo huyo naye ni mgeni katika nchi ya watu, na maisha yake yana mafunzo ambayo askari wetu wa mpakani, pamoja na jamaa zao, yafaa wayajue.

Pundanhar ni makao ya tarafa mojawapo ya wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Iko bara, katika njia itokayo Palma kuelekea Nangade, wala si mbali na mto. Hapo ndipo alipofungua kibanda chake jamaa mmoja, fundi cherehani mwenye asili ya Newala, ambaye jina lake sitalitaja kwa heshima yake na ya shemeji.

Jambo la kwanza lililomsumbua halikuwa lugha, bali saa. Saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mtu akipanda mtumbwi upande wetu saa tatu asubuhi, hushuka upande wa pili kungali saa mbili, naye huweza kujidai kuwa amerudishiwa sehemu ya umri wake! Tena wasomi wa Kireno huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hata saa mbili yetu ya asubuhi kwao huitwa nane. Mteja akisema atachukua suruali yake saa nane, fundi hana budi kuuliza ni nane ya nani.

Lugha haikumpa taabu kubwa. Kimakonde ni chake tangu utotoni, na Kimakwe cha wenyeji alikizoea upesi. Wazee wengi wa huko wanakijua Kiswahili vizuri, na sababu yake inafahamika: chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakapata mafunzo Nachingwea, na raia wengi walikimbilia kwetu mpaka nchi yao ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975. Siku hizo wageni walikuwa wao, na wenyeji tulikuwa sisi.

Kireno ndicho kilichomshinda, nacho ndicho lugha ya ofisi. Alifarijika alipogundua kwamba meza, bendera, leso na mvinyo tulivipata kwa Wareno, na kwamba wao nao walichukua neno letu la shamba wakalifanya "machamba". Kitenge alichokishona kila siku kiliitwa kapulana. Shemeji naye alikuta kisamvu kikipikwa kwa karanga na nazi, jina lake matapa, akakipenda kuliko cha kwao. (Nimekionja. Nakubaliana naye.)

Kwa kuwa nilisomea ualimu, niliuliza zaidi habari za watoto. Shule za huko husomesha kwa Kireno, ingawa tangu mwaka 2003 baadhi ya shule zimekuwa zikianza na lugha za wenyeji, Kimakonde na Kimwani zikiwamo. Alama huhesabiwa juu ya ishirini. Binti yake aliporudi nyumbani na kumi na nne, baba alikasirika sana, akidhani ni kumi na nne juu ya mia. Mtoto alilia kabla jirani hajaja kueleza. Tatizo lenyewe ni zito kuliko kichekesho hicho: mtoto aliyesoma darasa la nne kwa Kireno, akirudishwa Mtwara, ataingia darasa gani?

Swali hilo halikubaki la kufikirika. Mashambulizi ya wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, yakaenea wilaya hadi wilaya. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilivamiwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma, na maelfu ya watu wakatawanyika porini, wengine wakaelekea mtoni. Fundi alitoka na mkewe, watoto na kichwa cha cherehani begani. Meza ya cherehani ilibaki.

Hapo ndipo uzito wa karatasi ulipodhihirika. Mgeni akaaye Msumbiji hutakiwa kuwa na hati ya ukaazi, iitwayo kwa kifupi DIRE. Yeye hakuwa nayo, maana aliona amehamia kwa ndugu. Kitambulisho chake cha Tanzania kiliteketea pamoja na nyumba. Kwa askari wa ng'ambo alikuwa Mtanzania asiye na hati, wakati ambapo ilijulikana kuwa miongoni mwa wavamizi wamo Watanzania. Kwa askari wa upande wetu alikuwa mtu atokaye vitani, amevaa kofia ya kule, na watoto wake wanaitikia kwa Kireno. Mwaka huohuo Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa maelfu ya waliovuka walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Simlaumu askari aliyesimama ukingoni usiku ule. Adui naye huvuka kwa mtumbwi uleule. Lakini nasema kwamba swali la "kitambulisho kiko wapi" halikutosha. Aliyemwokoa fundi wetu ni sajini mmoja mtu mzima aliyemwuliza kwa Kimakonde mjomba wake ni nani na amezikwa wapi. Akajibu, na kabla ya jua kuchwa mwenyekiti wa kijiji akaletwa kuthibitisha.

Sasa anashona Mtwara, chini ya mwembe, kwa meza ya kuazima. Binti alirudishwa darasa la pili, akiwa mrefu kuliko wenzake wote. Shemeji anataka warudi Pundanhar, kwa kuwa mikorosho waliyoipanda ilikuwa imeanza kuzaa. Fundi hajakubali, ila mwezi uliopita alikuja kuniomba nimsaidie kuandika barua ya kuuliza jinsi ya kuipata hiyo DIRE.

Tuliiandika kwa Kiswahili. Bado tunamtafuta wa kuifasiri.