KARANI ASEMA NAWE: Ramani ya Maharamia na Ramani ya Mjomba

Msomaji mpenzi, juma hili nataka kukueleza habari za mchezo. Usigeuze ukurasa upesi ukisema, karani leo ameishiwa na maneno. Mchezo huu wa watoto umenionyesha jambo ambalo mjomba wangu alilijua baada ya kulipa maksai wawili. Wewe walipata bure.

Nianze na huyo mjomba, naye amenipa ruhusa. Miaka michache iliyopita alifika mgeni nyumbani kwake, mtu wa maneno laini, viatu vyake vinang'aa. Mkononi alikuwa na ramani. Karatasi ilikuwa ya rangi ya kahawia, kingo zake zimeungua, na juu yake mlikuwa na maneno ya kigeni, mti, jiwe na msalaba mwekundu. Mgeni akasema kwa sauti ya chini kuwa hiyo ni ramani ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa wakati wa vita.

Sisi watu wa huku hadithi hizo twazijua tangu utoto. Mkalama Wajerumani walikaa, na kila mwamba wenye mchoro husemwa kuwa ni alama yao. Basi mjomba akauza maksai wawili, akanunua ramani, akachimba miezi miwili. Alipata shimo. Ndama wa jirani akatumbukia humo akavunjika mguu, mjomba akalipa na ndama. Mwaka ule wanawe walilima kwa jembe la mkono, na mavuno yao mliyaona wenyewe. Ramani akaifungia sandukuni, wala hatukumsikia akiitaja tena.

Sasa tuje kwa watoto. Likizo ya Juni, alizeti ikiwa imekwisha kukatwa na mashamba yamekuwa wazi, Padre Paroko aliniomba nitafute shughuli ya kuwakusanya watoto wa Kinyangiri siku ya Jumamosi, wasizurure. Nikakumbuka mchezo tuliofundishwa chuoni, wa kutafuta hazina kwa mafumbo. Nikasema, haya, tuufanye kuwa wa maharamia.

Watoto wetu wengi hawajaiona bahari. Nikawaambia wafikiri mbuga ya Wembere imejaa maji ya masika, wala hawaoni ng'ambo. Mkokoteni wa ng'ombe wa katekista ukawa meli, kanga ya mama mmoja ikawa tanga. Kisha nikawaeleza maharamia walikuwa watu gani, maana sikupenda wawaone kuwa mashujaa. Walikuwa wezi wa baharini na wauaji, na wengi wao walikufa vibaya.

Nikawasimulia habari za Kapteni William Kidd. Huyu alitumwa kutoka Uingereza awakamate maharamia wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1697 alipita Madagaska na Visiwa vya Komoro, lakini badala ya kuwakamata wezi akawa mwizi mwenyewe. Mwaka 1699 alifukia sehemu ya mali yake katika kisiwa kimoja karibu na New York. Je, mali ile ilikaa ardhini miaka mingi ikingoja mwenye bahati? La. Mwaka ule ule wakuu wa serikali waliifukua, ikawa ushahidi juu yake, naye akanyongwa London mwaka 1701.

Wa pili alikuwa Mfaransa, Olivier Levasseur, aliyeitwa kwa jina la ndege mla nyama. Mwaka 1721 yeye na wenzake waliteka meli kubwa ya Wareno katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, ikiwa imejaa mali. Alinyongwa kisiwani humo mwaka 1730. Yasemwa kuwa kabla ya kufa aliwarushia watu karatasi ya mafumbo, atakayeyafumbua aipate hazina. Kwa ajili ya hadithi hiyo Mwingereza mmoja, Reginald Cruise-Wilkins, alianza kuchimba huko Shelisheli mwaka 1949. Alichimba mpaka alipokufa mwaka 1977, na mwanawe akaendelea. Hazina haikuonekana.

Na ile ramani yenye msalaba mwekundu ilitoka wapi? Sana sana ilitoka katika kitabu cha hadithi. Mwandishi Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa mwaka 1881 ili kumfurahisha mtoto wa mkewe, na kutokana na ramani ile akatunga hadithi iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1883. Wazee wengine mlikisoma shuleni kwa Kiswahili, nacho chaitwa Kisiwa chenye Hazina. Kumbe msalaba mwekundu ulianza kwa mchezo wa mtoto!

Siku hizi mchezo huu umeenea duniani kwa njia ya simu. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kosa iliyokuwa imelitia kwa makusudi katika mitambo yake ya angani ionyeshayo mahali mtu alipo. Siku iliyofuata, mtu aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatia vitu vidogo, daftari na kalamu ya risasi, akatangaza mahali ilipo kwa tarakimu tu. Sharti lake: ukichukua kitu, acha kitu, na uandike katika daftari. Leo ndoo na makopo ya namna hiyo ni zaidi ya milioni tatu. Sisi hatukutumia simu, bali sharti lile tulilichukua, maana ni zuri.

Ikiwa nawe wataka kuwafanyia watoto wa kigango chako, fanya hivi. Kwanza chagua mahali patano panapojulikana na wote, tena pasipo na hatari. Sisi tulichagua kengele ya kanisa, mbuyu wa njia panda, kisima, jiwe kubwa la nyuma ya shule na ghala. Usichague kaburi, wala shamba la mtu, wala tundu la jabali, maana nyoka hapendi mchezo. Kisimani muweke mtu mzima. Na sharti kubwa ni hili: hakuna kuchimba. Kila kitu kiwe juu ya ardhi.

Pili, tunga mafumbo yasiyofanana, ili kila mtoto apate zamu ya kung'aa. Mwingine ni hodari wa vitendawili, mwingine wa hesabu, mwingine wa miguu. Fumbo letu la kwanza lilikuwa kitendawili: "Hana mguu, hana farasi, lakini akiita kijiji kizima chaondoka nyumbani." Wakakimbia kwenye kengele.

La pili lilikuwa maandishi ya siri. Kila herufi iliandikwa kwa ile inayoifuata: badala ya A niliandika B, badala ya B nikaandika C. Wakakuta NCVZV, wakakuna vichwa. Kijana mmoja ambaye shuleni hukaa nyuma akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, akapaza sauti: "Mbuyu!" Nakwambia, msomaji, uso wa kijana yule ulikuwa hazina ya kwanza ya siku ile.

La tatu lilikuwa la jua na hesabu. Asubuhi ukilielekea jua linapochomoza, mashariki i mbele yako, kaskazini kushoto, kusini kulia. Nikaandika: "Toa mwaka alionyongwa Kidd katika mwaka alionyongwa Levasseur, kisha enenda hatua hizo upande wa kaskazini." 1730 ukitoa 1701 wapata 29. Hesabu waliipata upesi, lakini hatua zikawashinda. Walizunguka zunguka katikati ya majani makavu, hawaoni kitu. Binti wa darasa la tano akanijia akasema, "Mwalimu, hatua za nani? Zako au zetu?"

Niliona haya. Nilipima kwa miguu yangu, nami ni mrefu. Basi nikakata fimbo zenye urefu wa hatua yangu moja, kila kundi nikalipa yake, wakapima fimbo 29, wakafika. Jifunze kwa kosa langu, pima kwa fimbo. Tena tia karatasi zako ndani ya kopo lenye kifuniko. Fumbo la nne nililibana chini ya kijiwe, na mbuzi alilisoma kabla ya watoto.

Tatu, mwisho wa mchezo uwe wa wote. Kila kundi lilikuwa na kipande kimoja cha ramani, na vipande vinne vikiwekwa pamoja ndipo msalaba huonekana. Waliotangulia iliwapasa kuwangoja waliochelewa. Ndani ya ghala walikuta debe, na ndani ya debe kalamu za risasi, vifutio na daftari la kuandika majina. Kila mmoja alichukua kitu na kuacha kitu: kokoto nzuri, manyoya ya kanga, gari la mabua.

Sasa nafika kwenye kiini. Watoto waliishangaa sana ile ramani, wakauliza, "Mwalimu, karatasi hii ya kale umeitoa wapi?" Ningeweza kuwaficha, wakaniona mtu mkubwa. Lakini nikapika chai ya rangi, nikachukua karatasi ya daftari, nikaichovya, nikaianika juani. Ilipokauka nikaikunjakunja, nikazigusa kingo zake kwa kaa la moto. Kufumba na kufumbua, karatasi ya siku ile ikawa ya miaka mia. Wote wakataka kujaribu. Jioni ile ua wa parokia ulijaa ramani za kale zinazonukia chai.

Mjomba alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake. Aliketi juu ya kigoda karibu na mlango, akatazama tangu kuchovya mpaka kuunguza. Hakusema neno. Nilimwamkia, akaitika kwa sauti ndogo, akaondoka.

Kesho yake baada ya Misa alirudi, na chini ya kwapa ana kitu kimefungwa kwa kitambaa. Ilikuwa ile ramani yake. Akaitandaza mezani kwangu kando ya ramani ya yule binti wa darasa la tano. Tukazitazama. Rangi ni moja. Kingo ni zile zile. Mjomba akainusa ya kwake, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema, "Mpwa wangu, ya mtoto huyu imechorwa vizuri kuliko yangu. Na yangu ilikula maksai wawili."

Nikamweleza nililowaeleza watoto. Dhahabu ya Mjerumani si uongo wote. Mgodi wa Sekenke, hapa hapa Iramba, Wajerumani waliuchimba kabla ya vita ile ya kwanza. Waingereza walipoziba bahari, sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Ndipo mwaka 1916 huko Tabora Wajerumani wakatengeneza sarafu za dhahabu ya Sekenke, kila moja rupia 15, zenye picha ya tembo. Zilikuwa 16,000 na kidogo. Basi fikiri mwenyewe. Serikali iliyokosa fedha hata ikajitengenezea sarafu porini, yataka kulipa na kununua. Ya nini kuifukia chini ya kila mwamba wa Singida?

Tena fikiri hili, msomaji. Mtu ajuaye mahali palipo na dhahabu, kwa nini akuuzie ramani kwa bei ya maksai? Si angekopa jembe tu akaenda usiku?

Mjomba aliniambia niziweke ramani zote mbili mahali ambapo watoto watazinusa. Ziko ofisini kwangu. Akapita mgeni mwingine wa viatu vinavyong'aa, mwambie asubiri kidogo, mlete mtoto wa darasa la tano.

Huwalaumu walimu na wazazi wengi kwa sababu humwonya mtoto kwa maneno tu: usidanganyike, usidanganyike. Mtoto husikia, husahau. Lakini mtoto aliyetengeneza ramani ya uongo kwa mikono yake mwenyewe, harufu ya chai ile haimtoki puani. Mfundishe jinsi mtego unavyotegwa, naye atauona njiani.

Basi fanyeni mchezo huu huko kwenu. Gharama yake ni karatasi, majani ya chai na Jumamosi moja. Nanyi nawaachia fumbo dogo, mlifumbue kama yule kijana wa mbuyuni, kwa kurudisha kila herufi nyuma moja. Hazina ambayo mjomba aliitafuta shimoni miezi miwili, naye alikuwa nayo tangu kuzaliwa, yaitwa BLJMJ.

Mpaka juma lijalo, ni mimi wenu,
Karani wa Parokia, Kinyangiri.