Kifyatuo Kimoja, Tafsiri Mbili

Kwa bunduki, Kiswahili hakina njaa ya maneno. Tuna mtutu, kitako, kifyatuo, na rashasha, ile inayomimina risasi kama mvua. Tulikwama tulipojaribu kutafsiri maneno machache ya sheria ya silaha ya Marekani iliyotungwa 1934.

Sheria inasema rashasha hutoa yenyewe risasi zaidi ya moja kwa… kwa nini hasa? Neno la Kiingereza hapo si “kuvuta”, ni lile la “kazi” au “utendaji” wa kifyatuo. Tukiandika “kwa kuvuta kifyatuo mara moja”, mtendaji ni kidole. Tukiandika “kwa kifyatuo kufanya kazi mara moja”, mtendaji ni chuma. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, na uchaguzi huohuo uliigawa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kisa chenyewe ni kitako. Tarehe 1 Oktoba 2017, huko Las Vegas, mtu mmoja aliwamiminia risasi watu wa tamasha la muziki kutoka ghorofa ya hoteli. Waliokufa walifika 60. Baadhi ya bunduki zake zilikuwa na kitako kinachoteleza: risasi ikitoka, bunduki inarudi nyuma, mkono wa pili unaisukuma mbele, na kifyatuo kinakigonga tena kidole ambacho hakijasogea.

Machi 2019 marufuku ya serikali ikaanza kutumika. Michael Cargill, muuza bunduki wa Texas, alisalimisha vitako viwili, kisha akaishtaki serikali. Tarehe 14 Juni 2024 akashinda, majaji 6 kwa 3. Jaji Clarence Thomas alifuata chuma: kifyatuo hurudi mahali pake kila risasi, basi kila risasi ni kazi mpya. Jaji Sonia Sotomayor alifuata kidole, akasema ndege akitembea na kulia kama bata, yeye humwita bata. Kama watafsiri, tunaona Thomas alilishika neno lililoandikwa. Kama watu wanaokwenda matamashani, tunaona bata.

Wenzetu wasidhani mlango umefunguliwa kote. Hukumu iligusa sheria ya shirikisho tu. California ingali inavikataza vitako hivyo, na huko, kama New York, hata kitako cha kukunja kinaweza kuifanya bunduki inayojipakia risasi iwe haramu.

Rasimu zote mbili ziko kwenye ubao wa klabu, ya kidole na ya chuma. Walimu wakipita, tunawaomba watie alama.