MAMA MKULIMA NAYE APUMZIKE

Mfanyakazi mwanamke wa nchi hii ajifunguapo hupewa na sheria siku 84 za likizo yenye malipo. Na akijaliwa pacha hupewa siku 100. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Tena sheria hiyo huihesabu likizo ya uzazi kwa mzunguko wa miezi 36, kana kwamba watunga sheria walitaka kutuambia ya kuwa baina ya uzazi mmoja na mwingine yafaa ipite miaka mitatu.

Sasa twawauliza wasomaji wetu: mama alimaye pamba huko Itilima, au Meatu, au pembezoni mwa Bariadi, yeye likizo yake ni ipi? Hana mwajiri wa kumwandikia barua ya ruhusa. Akijifungua mwezi wa Novemba mvua zianzapo, jembe lamngoja. Palizi yamkuta na mtoto mgongoni. Pamba ipasukapo, ni mkono wake uichumao. Na maji na kuni ni juu yake vile vile. Likizo moja tu aliyo nayo mama huyu ni ile miaka ambayo hana mimba. Akinyimwa hiyo, hana nyingine.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kusema wazi juu ya uzazi wa mpango katika mkoa wa Simiyu, jambo ambalo wengi wetu hupenda kulinong'ona. Twajua kwamba katika nchi yetu mambo ya uzazi yana heshima yake, na si kila neno hutamkwa mbele ya wakwe na watoto. Lakini heshima iliyo njema humlinda mama. Haimfichi mpaka akafa.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,140,497. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka katika miaka kumi. Watu ni baraka, wala gazeti hili halitamlaumu mzazi kwa kuwa na watoto wengi. Mkulima anaijua thamani ya mikono mingi shambani.

Lakini ni katika mkoa huu huu ambako jambo hili liligeuka kuwa hoja ya taifa zima. Mwezi wa Septemba 2018 hayati Rais John Magufuli, akihutubia wananchi wa Meatu, alisema kwamba wao wana ng'ombe na ni wakulima wakubwa, waweza kuwalisha watoto wao. Na akawahesabu wapangao uzazi kuwa ni watu waogopao kazi. Mwezi ule ule Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango katika redio na televisheni yasimamishwe. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, alipozuru mkoa wa Geita, aliwahimiza wananchi kinyume chake: wapunguze kasi ya kuzaa, kwa maana huduma za jamii zaelemewa.

Hatuyataji haya ili tumpime kiongozi huyu kwa yule. Twayataja kwa kuwa katika maneno yote mawili mizani iliyotumika ilikuwa ni idadi: ng'ombe wangapi, mashamba mangapi, madarasa mangapi. Na hapo ndipo mama wa Meatu asahauliwapo. Ng'ombe mia waweza kumlisha mtoto wa kumi, lakini hawawezi kumrudishia mama yake damu aliyoipoteza alipomzaa.

Wazee wa Chama watakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mapema. Mwaka 1969, alipouleta Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, alikubali kwamba nchi yetu ni kubwa na ardhi ipo. Hata hivyo aliwakumbusha wajumbe kwamba kuzaa ni jambo ambalo mwanadamu yuko sawa na mnyama. Bali kulea na kusomesha kwa miaka mingi ni wajibu wa mwanadamu peke yake. Basi asiwepo mtu wa kutuambia leo kwamba kupanga uzazi ni mashauri mageni yaliyoletwa juzi. Yalisemwa mbele ya wakulima na wafanyakazi wenzetu zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Nao uganga wa kisasa wasemaje? Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mama aliyejifungua salama akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zikifuatana upesi, damu ya mama hupungua, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito mdogo, na yule aliyetangulia huachishwa ziwa mapema. Mkulima wa pamba halioni jambo hili kuwa geni. Apandapo huacha nafasi kati ya mche na mche, wala hakuna amwambiaye kuwa ni mvivu. Ajua kwamba mche uliosongwa hauzai vizuri.

Taifa limepiga hatua. Utafiti wa Afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Hiyo ni kazi ya wakunga, waganga na fedha za wananchi, na twawapongeza. Lakini vifo vilivyobaki vitapungua kwa shida ikiwa mama aliyechoka aingia leba kila mwaka.

Je, mama ana haki gani? Miongozo ya taifa ya uzazi wa mpango ya mwaka 1994 ilikwisha tamka kwamba kila mtu aliyefikia umri wa kuzaa, mwanamume kwa mwanamke, na vijana pia, awe ameoa au hajaoa, awe na watoto au hana, anayo haki ya kupata maarifa na huduma hizo. Katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Hakuna sheria imtakayo mke alete karatasi ya mume ndipo apewe vidonge, sindano, vijiti au kitanzi. Mhudumu amrudishaye mama nyumbani akachukue ruhusa ajitungia sheria yake mwenyewe.

Lakini haki iliyoandikwa ni kitu kimoja, na mama aliyetembea saa tatu hadi zahanati ni kitu kingine. Akikuta dawa zimekwisha, haki yake imekwisha siku hiyo. Akisemwa mbele za watu, hatarudi. Na akilazimika kumficha mume tarehe ya sindano, basi aishi kama mwizi ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Zipo pia hofu, nazo tusizicheke bali tuzijibu. Yasemwa kwamba njia hizi huua kizazi. Si kweli. Vijiti au kitanzi vikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi. Baada ya sindano huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Wengine hupata mabadiliko ya damu ya mwezi au maumivu ya kichwa. Mama na aambiwe hayo kabla, achague, na akiona njia moja haimfai abadilishiwe. Nao wale ambao imani yao huwaongoza katika kuhesabu siku wafundishwe kuhesabu vema.

Tena nafasi ya kwanza katika uzazi ni ile iliyo kabla ya mtoto wa kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulikwisha bila marekebisho. Ndugu wa Simiyu, mahari ya ng'ombe yahesabiwapo mbele ya binti ambaye nyonga zake hazijakomaa, tusingoje Bunge litukumbushe kwamba yeye ni mtoto.

Basi kila mmoja na ashike sehemu yake. Mwanachama aliye mume na aende kliniki pamoja na mkewe, asikie kwa masikio yake. Diwani na aulize katika Baraza ni siku ngapi zahanati ya kata yake ilikaa bila dawa hizo. Mhudumu wa afya na afunge mlango, asikilize, atunze siri. Mfanyakazi anayeifurahia likizo yake ya siku 84 na amkumbuke dada yake aliye shambani, ambaye hana chama cha wafanyakazi cha kumdaia.

Idadi ya watoto haitapangwa jukwaani, wala na gazeti hili. Itapangwa nyumbani, na mume na mke waongeao kama wenzi. Na pale wasipoelewana, neno la yule abebaye mimba lisidharauliwe. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba aamuapo kupumzika, zahanati haimwangushi.