Bidii Bila Fremu



Nimechoshwa na kauli kwamba Kariakoo kila anayejituma hutoboa. Mpangaji wa fremu Mtaa wa Kongo au Msimbazi hudaiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingi kilemba juu yake. Kijana mwenye baba wa kumlipia huanzia ndani. Mwenzake, pengine hodari zaidi wa kuuza, hutandika bidhaa njiani. Wamachinga walipoondolewa barabarani Oktoba 2021, huyu wa pili ndiye aliyepoteza wateja, wala si kwa uvivu. Mikopo ya halmashauri kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ipo, lakini vijana hupewa kwa vikundi, na mgeni mjini kikundi hana. Jiji ligawe vizimba vya biashara kwa kura ya wazi na kubandika majina ya waliopata.

Mfanyabiashara,
Gerezani, Dar es Salaam