Kutia Kiraka Si Mwisho wa Kazi

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ufa ulioziba leo, msingi ukisogea kesho, hufunguka tena. Nataka tulitazame jambo hili katika kazi ambayo vijana wetu wengi wa Pwani wameishika siku hizi, nayo ni kurekebisha programu za kompyuta zilizotungwa na watu wengine. Mimi si fundi wa mashine hizo. Nilisoma chuoni kwa ubao na wino, na riziki yangu nimeitafuta kwa kalamu. Lakini mwenye kutumia kitu ana haki ya kukisemea.

Programu tuzitumiazo aghalabu si kazi ya mtu mmoja. Moja huitegemea nyingine, na hiyo huitegemea ya tatu, hata mwenye kuiuza hajui zote. Mafundi huuita upande wa watungaji wa asili "juu ya mto", na sisi tulio huku ni watu wa chini ya mto. Fundi wetu akiona jambo lisilowafaa watu wake, huifungua programu ile akabadili mistari michache. Badiliko hilo huitwa kiraka, na jina limesibu. Tofauti ni kwamba kanzu ukiitia kiraka hubaki kanzu ile ile, ilhali programu haitulii. Wenyewe wa juu wanaendelea kuifuma usiku na mchana, na toleo jipya likishuka, kiraka chako huenda kikakataa kuingia, au kikafutwa, au kikaingia pasipo pake. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwani halipigi kelele.

Chukua mfano wa kalenda ya Hijria. Misikiti mingi sasa ina vioo vya ukutani vionyeshavyo nyakati za sala pamoja na tarehe. Kioo hakitazami mbinguni, hupiga hesabu tu, na mojawapo ya hesabu zitumiwazo sana katika programu ni kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia. Huku kwetu wengi hungoja mwezi uonekane na Kadhi Mkuu atangaze, na kwa hiyo hesabu na mwandamo huweza kupishana siku moja. Najua sisi kwa sisi tuna rai mbalimbali juu ya mwezi, na leo sitaki kuingia huko. Nisemalo ni kwamba uamuzi huo ni wa watu na wanazuoni wao, haufai kuachiwa programu.

Katika msikiti mmoja niujuao, kijana mmoja alitia kiraka kizuri, imamu akaweza kuongeza au kupunguza siku moja kwa kubofya tu. Kilifanya kazi miaka miwili. Kisha kijana akapata kazi Ghuba akasafiri, toleo jipya likashuka, na kiraka kikafutika bila ya mtu kujua. Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, baada ya Magharibi, kioo kikaandika mosi Shawwal hali hakuna mwezi uliotangazwa. Waumini wakaulizana kama kuna tarawehe au hakuna. Alhamdulillahi, imamu alisimama akasema kesho ni funga, na watu wakamsikiliza. Lakini waliokuwa wamekwisha kutazama kioo wakaenda majumbani, sijui kila mmoja alifikiwa na habari.

Baada ya mkasa huo nilisikia rai mbili. Wa kwanza walisema: basi tusipokee matoleo mapya, tubaki na lile la zamani. Rai hii yavutia, lakini ina hatari. Tundu likizibwa juu ya mto hutangazwa hadharani ili kila mtu azibe lake, na tangazo hilo mwizi pia hulisoma. Aliyebaki na toleo kongwe huwa ameacha wazi mlango ambao wezi wote wameshaelezwa ulipo. Wa pili walisema: tusitie viraka kamwe, tupokee kama ilivyoletwa. Hiyo nayo ni kuikabidhi kalenda yetu, na lugha yetu, kwa watu wasiotujua.

Nimetaja lugha kwa kuwa nayo imepitia njia hiyo. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maneno ya Kiswahili. Ilikuwa fahari yetu sote. Lakini Oktoba 2005 OpenOffice yenyewe ilitoa toleo la pili, na mwaka 2010 baadhi ya watungaji wakajitenga wakaanzisha LibreOffice. Kila hatua kama hiyo humtaka mfasiri arudi kazini. Katika utaratibu utumiwao sana na wafasiri wa programu huru, sentensi ya Kiingereza ikibadilishwa japo neno moja, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka na huwekwa kando mpaka mtu aihakiki. Asipopatikana mtu, Kiingereza hurudi mahali pake. Ndiyo sababu unaona ukurasa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, ukadhani mfasiri alikuwa mvivu, kumbe aliimaliza kazi yake, na kazi ikahama.

Basi tufanyeje? Rai yangu ni kwamba kiraka chema kipelekwe juu ya mto, tena kipelekwe kama hiari ya kila mtu na si kama haja ya Mombasa peke yake. Kuongeza au kupunguza siku katika kalenda kutawafaa Waislamu wa nchi nyingi ambao nao hungoja mwandamo wao. Wenyewe wakikipokea, mzigo wa kukichunga utakuwa wao na wetu pamoja. Si kazi ya siku moja. Wako mafundi waliotaka Linux, ambayo ni moyo wa kompyuta nyingi duniani, iweze kuitikia jambo kwa wakati maalumu bila ya kuchelewa, kama zitakavyo mashine za viwandani. Walianza mnamo 2004, na viraka vyao wakavibeba nje, wakivishona upya matoleo mapya yaliposhuka, nayo hushuka kila wiki tisa au kumi. Kidogo kidogo vikapokelewa, mpaka Septemba 2024 kazi hiyo ikaingia rasmi katika asili. Miaka ishirini! Ndiyo maana ya subira.

Na kiraka kisichopokelewa? Hicho kifanywe kidogo, kiwekwe mbali na asili, na kiandikwe sababu yake. Wanazuoni wetu walipokuwa na la kuongeza katika kitabu hawakufuta matni. Waliandika hashia pembeni, msomaji akajua lipi la mtungaji na lipi la msherehesha. Watu wa Debian, wakusanyao programu huru, wana desturi iyo hiyo: viraka huwekwa peke yake, na huhimizwa kila kimoja kieleze kilitiwa kwa nini, na kama wenyewe wa juu wamepelekewa.

Hata hivyo, hao hao yaliwafika. Mwaka 2006 kiraka kilitiwa katika OpenSSL, programu itumiwayo kutengeneza funguo za siri, ili kunyamazisha onyo la chombo cha ukaguzi. Swali liliulizwa kwa barua, lakini kiraka chenyewe hakikuingia katika kazi ya asili kikapimwa na wenyewe. Kumbe kiliondoa bahati nasibu ambayo ndiyo nguvu ya funguo, hata kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zikabaki namna zisizozidi 32,768, ambazo kompyuta yaweza kuzijaribu zote. Iligunduliwa Mei 2008, na watu wa nchi nyingi wakalazimika kubadili funguo zao. Kiraka hicho kilikuwa wazi kwa kila mtu kukisoma. Kilichokosekana ni jicho la mwenye kuijua asili.

Kwa hiyo nawaambia wazee wa kamati za misikiti, madrasa na vyama vyetu: mnapomlipa kijana kwa marekebisho, msimlipe ya kutia tu, mlipeni na ya kuchunga. Muulizeni mambo matatu. Ameandika wapi alichokibadili na sababu yake? Amewapelekea wenyewe wa juu? Na akisafiri, ni nani wa pili akijuaye? Asiye na majibu hayo bado hajamaliza kazi, hata kama kioo leo kinaonyesha tarehe sawasawa. Ramadhani itarudi, na toleo jipya huenda likaitangulia.