Aya za Mwisho Zisirukwe

Naomba nitoe dukuduku langu. Muhula uliopita, kikundi chetu cha Biblia kilisoma Waraka wa Pili kwa Timotheo. Tulipofika sura ya 4, kiongozi alisoma hadi aya ya 8, ile habari ya kumaliza mwendo na kupewa taji, kisha akafunga kitabu. Eti yaliyobaki ni salamu tu!

Mimi nasema hapana. Usiku huo niliyasoma yaliyorukwa. Nikamkuta mzee mfungwa, majira ya baridi yanakaribia, anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Anataka na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Dema kamtoroka, Trofimo kaachwa mgonjwa Mileto, amebaki na Luka peke yake. (Wako wataalamu wanaosema mwandishi si Paulo mwenyewe. Haya, lakini baridi ni baridi.)

Lililonichoma zaidi ni habari ya Marko. Huyu ndiye aliyewaacha wenzake Pamfilia, Paulo akakataa katakata kusafiri naye tena, hata akatengana na Barnaba kwa ajili yake. Sasa anaagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa kazini. Je, hizo ni salamu tu?

Nami ninaye mwenzangu wa dawati moja. Hatukuwa tumesemezana tangu kamusi yangu ipotee mikononi mwake. Juzi nilimfuata bwenini nikamsalimu. Aliitikia, akarudi kwa kitabu chake. Kesho nitakwenda tena.